Mvua ya Kyambogo, Maji ya Jinja

Ijumaa usiku, chumba kimoja cha hosteli pale Banda, chini ya kilima cha Kyambogo. Mvua inapiga mabati tangu saa kumi na moja jioni, na anayetaka kusikika lazima apaze sauti. Vijana tisa wamebanana kitandani na sakafuni, mmoja amekalia ndoo iliyofunikwa. Katikati yao kuna daftari la michango na simu inayochajiwa. Kesho alfajiri wana safari ya Jinja kupiga kasia kwenye Mto Nile. Wameniita kwa sababu niliwahi kwenda mtoni mara kwa mara nilipokuwa na magoti ya ujana, na kwa sababu hawaelewani.

"Mwalimu, mvua ikikatika alfajiri si tunaenda tu?" ananiuliza kiongozi wao, kijana mpole wa mwaka wa tatu.

"Na isipokatika?" anadakia msichana mwenye daftari, ambaye ndiye mweka hazina.

"Isipokatika tunalala."

Wengi wakaitikia. Uamuzi ulionekana wa busara, na kwa miaka mingi nami niliamua hivyo hivyo. Lakini ndani yake kuna kosa ambalo limewahi kuua watu: kudhani kwamba mto huitika mvua unayoisikia wewe ukiwa kitandani kwako.

Nikawaomba tufuate maji. Yale yaliyokuwa yakitiririka kwenye mabati yetu yanashuka mteremko wa Banda, yanaingia mtaroni, na mtaro unayafikisha kwenye bonde la Kinawataka. Kinawataka nayo inayamwaga kwenye ghuba ya Murchison, upande wa Luzira na Port Bell. Hapo tayari yamekuwa Ziwa Victoria, na ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala. Kwa hiyo mvua ya Kyambogo hufika kwenye Nile kweli, ila haifiki kesho.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Chukua sentimita moja ya kina chake, unene wa kidole. Hiyo peke yake ni maji mita za ujazo milioni 688. Mto ukiyatoa kwa kiasi cha mita za ujazo 1,000 kila sekunde, usiku na mchana, na tone jingine lisiingie ziwani, utachukua siku nane kuimaliza sentimita ile. Kijana wa uhandisi aliyekuwa kwenye ndoo alipiga hesabu hiyo kwa simu yake, akairudia, kisha akawaonyesha wenzake kioo bila kusema neno.

Maana yake ni kwamba Nile ya Jinja haishtuki. Mvua ya usiku mmoja, hata ile ya kung'oa mabati, haiupandishi mto ule kwa namna ambayo mpiga kasia ataiona asubuhi. Lakini ziwa linaweka hesabu. Mvua za Machi, Aprili na Mei hukusanyika humo, na kwa kawaida ziwa hufika kilele chake mwezi Mei au Juni, wakati ambapo wengi wetu tumeshaanika blanketi na kusema masika yamekwisha. Mtu anayesoma mbingu peke yake hukosea mara mbili. Atalala nyumbani siku ya mvua ambayo mto uko vile vile, kisha atakwenda kwa furaha siku ya jua kali ambayo mto umejaa kuliko alivyowahi kuuona.

Pia kuna mkono wa binadamu. Zamani mwamba wa maporomoko ya Ripon ndio uliopima maji ya kutoka ziwani. Mwaka 1954 lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, maporomoko yale yalifunikwa, na kazi ya mwamba ikachukuliwa na milango ya chuma. Tangu hapo kiasi kinachoachiwa kinapaswa kufuata mchoro uliokubaliwa na Uganda na Misri, unaolinganisha kina cha ziwa na maji yanayopaswa kutoka, ili mto uendelee kama vile mwamba ungali pale. Ziwa likipanda, milango hufunguliwa zaidi. Na ndani ya siku moja mitambo hufuata mahitaji ya umeme, kwa hiyo kina cha mto chini ya bwawa kinaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni bila wingu kuonekana popote.

Waliokuwa hapa mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa. Mvua zilikuwa zimeanza kupita kiasi tangu mwisho wa 2019. Aprili 14, 2020, kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya Nalubaale, na nchi nzima ikakosa umeme. Mwezi uliofuata ziwa, kwa kipimo cha Jinja, lilivuka mita 13.41, rekodi iliyokuwa imekaa tangu mwaka 1964. Fukwe za Entebbe na Ggaba zikaingia majini, nyumba na hoteli zikahamwa. Serikali ikaagiza maji yanayoachiwa yaongezwe kutoka mita za ujazo 1,000 hivi kwa sekunde hadi 2,400. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena na kuivuka hata rekodi ile.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Lori la mchanga tunaloliona likipanda Jinja Road hubeba tani saba au nane. Mto unaobeba mita za ujazo 2,400 kwa sekunde ni kama malori mia tatu yaliyojaa yanayokupita kila sekunde. Na nguvu ya maji haiongezeki sawa na mwendo wake: mkondo ukikimbia mara mbili, msukumo wake kwenye mguu uliokwama kati ya mawe huwa mara nne. Ndiyo sababu mwogeleaji hodari wa bwawa la hoteli anaweza kuwa mtoto mchanga mtoni.

Sehemu ya mto inayopigiwa kasia leo si ile niliyoijua. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilizamisha maporomoko ya Bujagali. Bwawa la Isimba, lililozinduliwa Machi 2019, likafunika mengine kwa maji yaliyosimama. Kati ya mabwawa hayo mawili kumebaki kipande kinachokimbia, chenye maporomoko ya Kalagala upande mmoja wa kisiwa na Itanda upande wa pili. Uzuri wa mto ule, uliowafanya watu watoke Ulaya na Marekani kuja kuushuka, ni kwamba kila poromoko hufuatiwa na dimbwi pana. Boti likipinduka, watu hutemwa kwenye maji tulivu na kuokotwa mmoja mmoja na wenye kayaki wanaosindikiza. Mto unakupiga, kisha unakupa nafasi ya kuvuta pumzi.

Maji yakizidi, baadhi ya maporomoko hulainika kabisa, mawe yakawa chini sana. Hilo husemwa sana na wanaotaka kwenda, na ni kweli. Lakini madimbwi nayo hufupika. Aliyeanguka kwenye poromoko la kwanza anaweza kulikuta la pili hajashikwa. Maji hupanda hadi kwenye miti ya ukingoni, na hapo pana hatari ambayo mgeni haioni: mti uliozama nusu huruhusu maji kupita kati ya matawi yake na kumzuia mtu, kama chujio linavyozuia majani ya chai. Nimemwona mwongozaji mwenye miaka mingi mtoni akipita poromoko kubwa huku akicheka, kisha akanyamaza kabisa tulipokaribia kichaka kilichokuwa kimelala majini. Huo ukimya wake ulinifundisha kuliko maelezo yote ya asubuhi.

Yote hayo ni kuhusu Nile, mto wenye mama mkubwa anayeutuliza. Nchi yetu ina mito mingine isiyo na mama.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda wanne mashariki, na kayaki mbili za kuazima, tukitaka kuujaribu mto Manafwa unaoshuka kutoka Mlima Elgon kuelekea mashamba ya mpunga ya Butaleja. Mbale palikuwa na jua. Mlima tu ndio uliokuwa umejifunika shuka jeusi. Nilichomeka kijiti ukingoni, pale maji yalipoishia, kama nilivyofundishwa, kisha tukakaa kunywa chai ya chupa. Chini kidogo mama mmoja alikuwa akifua. Ghafla akakusanya nguo zake zote, zilizofuliwa na zisizofuliwa, akajitwika beseni na kupanda juu. Alipotupita alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Wanangu, tokeni hapo. Mto unakuja."

Sisi hatukuona kitu. Nikageuka kutafuta kijiti changu, nacho hakikuwepo. Maji yalikuwa yamegeuka kutoka rangi ya chai ya maziwa kuwa ya udongo mwekundu, yakaleta harufu ya shamba lililolimwa, kisha majani, kisha vigogo vya migomba. Halafu sauti ikaja, mawe yakigongana chini ya maji. Hatukuwa tumemaliza vikombe vyetu. Kama tungekuwa tumeingia majini saa ile tuliyopanga, nisingeandika makala hii.

Mama yule aliusikia mto kabla yetu kwa sababu anauishi. Watu wa milimani wanajua bei yake. Oktoba 11, 2018, mto Suume uliteremka Bududa ukiwa na miamba na magogo, ukaua zaidi ya watu 40. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Upande wa magharibi, Nyamwamba inayotoka Rwenzori ilibomoa Kilembe na kuingia Kasese Mei 2013, ikarudi tena Mei 2020 na kuiangamiza hospitali ya Kilembe. Mito hiyo ni mifupi na imesimama wima. Kati ya mvua ya mlimani na mafuriko ya bondeni kunaweza kupita muda wa kupika ugali.

Jirani zetu Wakenya wana somo lililo wazi zaidi. Bonde la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ni mwanya mwembamba wa mawe ambao siku nyingi huwa mkavu au una kijito cha kuvuka kwa kuruka. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa waliokuwa kwenye matembezi walisombwa humo na maji. Septemba 1, 2019, wakafa tena watu saba, akiwemo mwongozaji wa watalii. Mahali ni pale pale na idadi ni ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha mbali juu yao, nao ndani ya mwanya hawakuwa na namna ya kuiona.

Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa lazima usomwe kwa jina la mlima na si kwa jina la kituo cha basi. Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa, UNMA, hutoa utabiri wa siku na wa msimu kwa kanda. Anayekwenda mto wa Elgon akaangalia utabiri wa Kampala ameangalia wa kwake nyumbani. Hata utabiri wa Mbale mjini haumtoshi. Aulize juu, kule mto unakozaliwa, leo na jana kulinyesha nini. Na apige simu kwa mtu anayeishi ukingoni, kwa sababu mtu huyo ana jiwe lake, au nguzo ya daraja, anayoitazama kila asubuhi kama sisi tunavyotazama saa.

Mvua ikapungua kidogo. Mtu akaleta chapati za mayai kutoka barabarani, za moto, zimefungwa kwenye karatasi. Kiongozi akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja.

"Lakini mwalimu, si tunaweza kwenda tu, tukifika tukaona maji mabaya, tukarudi?"

Hapa ndipo nilipokaza sauti, na naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo, kwa kuwa naamini watu wengi zaidi hufia kwenye swali hili kuliko kwenye poromoko lolote. Kwa maneno inawezekana. Kwa matendo, mtu aliyefika ukingoni huwa amekwisha kuamua. Ameamka saa kumi usiku. Amelipa nauli na malipo ya boti. Amewaaga wazazi, amewaambia marafiki, na simu yake inangoja picha. Wenzake wanane wanamtazama. Kusema "mimi siingii" mbele ya maji kunataka moyo mkubwa kuliko kuingia. Mwoga wa kwanza kusema huwa anawasemea wanne wengine walionyamaza, lakini yeye hajui kwamba wapo.

Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilifika kwenye mto Enziu, kaunti ya Kitui, Kenya, likakuta maji yamepita juu ya njia. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama, na video walizopiga zilienea Afrika Mashariki nzima. Basi liliingia majini, likasogea, likaegemea, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Sitaki kumhukumu yeyote aliyekuwa ndani. Nimeitazama ile video mara moja tu, na kilichoniumiza ni jinsi ulivyoonekana uamuzi wa kawaida kabisa. Kulikuwa na harusi ng'ambo, na watu walikuwa wakingojwa.

Hapa kwetu, Jumamosi ya Novemba 24, 2018, boti la starehe la MV K Palm lilizama ziwani upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Chombo kilikuwa kimezidisha watu, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Walikuwa watu waliovaa vizuri, waliotoka kufurahi mwisho wa juma, kama hawa tisa wangu.

Lazima nitofautishe. Aprili 2024, mafuriko yalipofunika barabara ya Garissa kule Kenya, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilizama kwenye maji ya mto Tana na kuua. Wale hawakuwa wakicheza. Walikuwa na wagonjwa, biashara, watoto wa kufuata, na barabara haikuwepo. Mvuvi wa Masese naye huingia ziwani kwa sababu asipoingia nyumba haili. Siwezi kuwaambia hao wakae nyumbani. Lakini safari ya kupiga kasia kwa furaha ina anasa moja kubwa ambayo wale hawakuwa nayo: inaweza kungoja wiki mbili. Kuiacha anasa hiyo, tukajitia ulazima usiokuwepo, ni jambo ambalo sijaweza kulielewa.

Kwa hiyo nikawaambia uamuzi ufanywe usiku ule ule, chumbani, wakiwa wakavu. Na ufanywe kwa masharti yanayopimika. Walikuwa wanamfahamu kijana mmoja wa Jinja, mwongozaji, aliyekua kando ya mto. Wamwulize mambo machache. Wiki hii bwawa linaachia maji kiasi gani, na ni zaidi au pungufu ya wiki iliyopita? Jiwe lake analoliangalia liko wapi kesho alfajiri? Akiwa na wageni wasiojua kuogelea, angewapitisha njia ipi, na kuna kayaki ngapi za kusindikiza? Mwongozaji mzuri hujibu maswali hayo bila kukasirika. Anayejibu "msijali, mko na mimi" amejibu kwa hisani, na hisani haina kina wala kasi.

"Nani hajui kuogelea?" nikauliza.

Kimya. Kisha mkono mmoja, wa pili, wa tano. Walikuwa wamepanga safari kwa mwezi mzima bila kuulizana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na mzigo mkubwa uko kwenye nchi kama zetu. Jaketi la kuokoa maisha humwelesha asiyejua kuogelea, lakini lazima lifungwe mikanda yote, limkae mwilini, lisipande masikioni akivutwa mabegani. Na kwa watano hao kulikuwa na uchaguzi ambao hakuna aliyeutaja: maji yaliyotulia juu ya bwawa la Bujagali, ambako mtu hujifunza kayaki bila mkondo wa kumvuta. Msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Mimi kumbe nilikuwa naogopa tangu mwanzo." Akacheka kwa aibu. Wenzake hawakumcheka.

Radi nayo isisahaulike. Pwani za Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Juni 28, 2011, radi moja iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, wakiwa darasani. Mtu aliyeketi juu ya maji mapana ndiye kilele cha mahali pale. Ukisikia ngurumo, toka majini. Nchi kavu kwa kawaida dhoruba hupenda mchana na jioni, basi kuanza mapema na kutoka mapema kuna faida, mto uwe wowote.

Halafu kuna maji ambayo hakuna kati yao aliyeyahesabu: yale ya kati ya kitanda chao na mto. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliifunga barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka. Na karibu zaidi, chini ya kilima chetu, mtaro wa Kinawataka ukijaa hupanda barabarani na kuficha ukingo wake. Machi 2025 mvua ya siku moja iliua watu hapa Kampala, mjini, mbali na poromoko lolote. Vijana hawa walipanga kushuka Banda saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa boda, wakiwa na mabegi mgongoni, kwenda kupanda taksi. Kwa baadhi yao hatari kubwa zaidi ya safari nzima ilikuwa mita mia tatu kutoka mlangoni. Dereva wa boda akisema "napajua hapa" kwenye maji yanayopita juu ya lami, mshukie. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mtaro uliofunikwa ni maji ambayo hakuna aliyeyafika usiku huo.

Tulimpigia kijana wa Jinja saa tatu usiku. Alisema wiki ile maji yameongezwa, ila si sana, na kwamba mwenyewe angetaka kuona asubuhi. Wakaandika sharti lao kwenye daftari, ukurasa wa michango, ili kila mtu alione: asipoliona jiwe lake kukipambazuka, hakuna anayeondoka Kyambogo, na pesa zinabaki kwa mweka hazina hadi tarehe nyingine. Wote tisa wakatia sahihi. Kiongozi alitia ya mwisho.

Nililala kwenye kiti. Alfajiri mvua ilikuwa imekatika. Kutoka dirishani tuliona taa za Kireka, mbingu safi, na nyota mbili tatu juu ya Jinja Road. Vijana walikuwa wamekwisha kuvaa. Mmoja alikuwa na viatu vya maji miguuni tayari.

Mweka hazina akapiga simu na kuiweka sauti ya wazi.

"Habari za asubuhi, kaka. Hali ya hewa huko ikoje?"

"Nzuri sana, dada. Jua linakuja. Hakuna hata wingu."

Chumba kikalipuka kwa furaha. Yeye akainua mkono kuwanyamazisha.

"Na jiwe?"

"Ngoja nishuke nikaangalie."

Tukasikia hatua zake kwenye majani mabichi, mbwa akibweka mbali, kisha sauti ya mto ikikua kwenye simu hadi ikawa kama ile mvua ya usiku juu ya mabati. Alikaa pale muda mrefu. Aliporudi alizungumza polepole.

"Dada, jiwe silioni."

Kijana mwenye viatu vya maji akakaa kitandani na kuanza kufungua kamba. Mweka hazina akamshukuru yule wa Jinja, akamtakia siku njema, akafungua daftari kwenye ukurasa wenye sahihi tisa, na chini yake akaandika tarehe ya Jumamosi nyingine kwa kalamu ya risasi.